Mistari ya Mke Wangu

12 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Ilianza alasiri kwa upepo, kisha ikapiga mabati ya banda langu kama mtu anayemwaga karanga. Nimefurahi kwa kuwa vumbi la mtaa wetu wa Ng'ambo litatulia. Nimeudhika kwa kuwa kuanzia leo mpaka Aprili nitakuwa nikiomba ruhusa kwa mawingu kila ninapotaka kupuliza rangi.

Ndiyo maana huwa naandika. Kila masika naweka kumbukumbu: hewa ilikuwaje, nilipuliza nini, kilikaukaje. Mwaka huu nahisi nitaandika na mengine, maana gari ninaloanza nataka lifike Mwanza.

Mchana mimi ni fundi wa kunyoosha bodi na kupuliza rangi katika gereji moja ya mtaa wa Cheyo. Jioni, na Jumapili baada ya Misa, naunda hotrodi ndogo. Hotrodi ni gari la kizamani lililokatwa paa likawa fupi, boneti ikaondolewa injini ionekane, magurudumu ya nyuma yakawa mapana kuliko ya mbele, na rangi yake ni ya kumgeuza mtu shingo barabarani. Za kwangu zinaenea kwenye boksi la viatu. Bodi ni bati la kopo la mafuta ya kupikia, nalikunja juu ya kipande cha mninga nilichokichonga. Mabomba ya moshi ni antena ya redio, grili ya mbele ni chujio la chai, viti ni mabaki ya ngozi ya fundi viatu. Hapa Tabora sijamwona mwingine afanyaye hivi.

Mwisho wa Machi kuna maonyesho Mwanza ya magari madogo yaliyoundwa kwa mkono. Ngassa, rafiki yangu dereva wa lori, ndiye aliyeniletea habari. Anasema hata watu wa Kampala watakuja. Nataka waone jina la Wilbroad.

15 Novemba

Mawingu bila mvua. Nimekata bati. Nimejikata na kidole.

21 Novemba

Mvua asubuhi, jua mchana. Bodi limekamilika na limenyooka. Nimepiga pati ya kuziba mabonde, nimepiga msasa, nimepiga praima ya kushika rangi. Mke wangu Yustina aliniletea chai bandani akasema gari limekaa kama linataka kukimbia. Nililala na maneno hayo.

29 Novemba

Jua tangu asubuhi, hewa kavu. Nimepuliza rangi ya asali: chini rangi ya fedha, juu yake rangi nyepesi inayopitisha mwanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka bati likafanana na asali ya miombo kwenye glasi. Kazi kama hiyo naiweza, na najua naiweza.

Taabu ilikuja kwenye mistari. Hotrodi haikamiliki bila mistari myembamba ya kuzunguka bodi, myembamba kama unywele, na mkono wangu uliozoea bunduki ya kupulizia hautulii kwenye brashi. Nikachora, nikafuta. Nikachora tena, nikafuta. Yustina alikuwa amesimama mlangoni na kikombe.

"Baba Julieth, hiyo brashi umeishika kama nyundo."

"Wewe unajua kuishika?"

"Mimi si nashika brashi kutwa?"

Ni kweli. Chumba chetu cha mbele ndicho saluni yake. Anasuka, anapaka piko mikononi, anachora kucha za maharusi wa nusu ya mji huu. Lakini sikuwahi kuiita kazi hiyo uchoraji. Nilimpa kifuniko cha kopo la rangi ajaribu, kwa utani.

Hakuchukua brashi yangu. Alikwenda saluni akarudi na ya kwake, yenye nywele tatu nne tu. Akashusha pumzi, akauvuta mstari kuzunguka kifuniko chote, ukarudi ukakutana na mwanzo wake, na macho yangu hayakupaona ulipoungana.

"Si mbaya," nikasema.

Si mbaya! Napaka rangi tangu sijaota ndevu, na mstari kama ule sijapata kuuchora.

Akaniomba achore na gari. Ningemkataliaje? Amelichora lote, huku akiimba kwa sauti ya chini.

3 Desemba

Umande mzito. Ngassa alipita, akalinyanyua gari dirishani. "Aisee! Hii mistari!" Akapiga picha, akairusha kwenye kundi la simu la watu wa maonyesho. Juu ya bodi hakusema kitu. Juu ya rangi ya asali hakusema kitu.

4 Desemba

Mama yangu aliuita wivu kijiba cha roho. Alikuwa akisema kinaanza kama punje ya mtama na mwenyewe ndiye anayekimwagilia.

Mvua kubwa.

6 Desemba

Mmoja wa waandaaji, mtu anayeitwa Damas, ameuliza kwenye kundi ni nani aliyechora. Ngassa akamjibu: shemeji yangu Yustina. Mimi nimo kwenye kundi hilohilo. Hakuna aliyeniuliza chochote.

12 Desemba

Damas amempigia simu mke wangu. Nilikuwa nanawa mikono uani, nikawasikia wakizungumza muda mrefu, Yustina anacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo.

"Mnaongea nini na huyo bwana?"

"Rangi."

"Rangi gani ya kuchekesha?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mfuko uliotoboka. "Alikuwa ananisimulia alivyomwaga kopo zima kwenye zulia la mkewe. Na mkewe alikuwa hapohapo, anachangia."

Sikumwamini. Niliona afadhali nisimwamini.

13 Desemba

Mvua. Damas amepiga tena.

27 Desemba

Tumerudi kutoka Lusu, kwao Yustina, tulikokula Krismasi. Gari la asali tulikwenda nalo, maana wazee waliomba kuliona.

Mkwe wangu, Mzee Ngollo, ni mkulima wa pamba na mpunga, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia, akaliweka gari kiganjani na kulizungusha. Majirani walikusanyika.

"Nani kalifanya hili?"

"Mume wangu," Yustina akasema.

"Na mistari hii?"

"Yote ni kazi yake, baba."

Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Ningeweza kukimeza nikasema, hapana, mistari ni ya binti yako. Nilitafuna tu. Mzee akanishika bega mbele ya watu wote akasema binti yake ameolewa na mtu. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyama ile ilikuwa na ladha ya msasa.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza kwa nini alisema vile.

"Umenuna tangu Novemba," akasema, akitazama mashamba. "Nilidhani ukipewa sifa zote utafurahi."

Nimepewa zote, na nimezidi kununa. Sasa namwonea wivu hata kwa moyo wake mzuri.

6 Januari

Nimelipandisha gari la asali juu ya rafu. Sitalipeleka Mwanza. Nimeanza jingine, jeusi, lenye ndimi za moto, na kila kitu juu yake kitakuwa cha mkono wangu.

Nimemwambia Yustina asiingie tena bandani ninapofanya kazi, kwamba harufu ya tina, ile ya kuzimulia rangi, inaharibu mapafu. Akaniuliza kama mapafu yangu ni ya chuma. Hajaja tena na chai. Naisikia saa ya chai ikipita.

14 Januari

Mvua zimekatika, kiangazi kidogo cha katikati. Wakulima wanalalamika, mimi nashukuru.

Jioni Yustina alisimama nje ya banda, hakuvuka kizingiti.

"Baba Julieth, nikunjie bodi moja. Nami nijaribu kupeleka Mwanza."

"Wewe?"

"Damas anasema kuna nafasi."

Damas anasema. Nilikuwa na bati safi mezani, la kutosha. Lakini pembeni lilikuwepo bodi nililolitupa Oktoba: umbo la mninga liliniteleza nilipokuwa nalikunja, likapinda, upande wa mbele ukalala chini na paa likakaa mshazari. Nikaliokota nikampa hilo.

"Ahsante, mume wangu," akasema.

Niliendelea kupiga msasa mpaka vidole vikawaka.

23 Januari

Jua. Nimechora ndimi za moto mara nyingi na kuzifuta. Zinafanana na majani ya muhogo.

2 Februari

Mvua zimerudi kwa hasira. Maji yameingia bandani.

11 Februari

Nimekutana na Swaumu sokoni. Anauza vitenge mlango wa pili na saluni, na ni mteja wa Yustina wa kila wiki. Hajui kunong'ona.

"Shemeji, mkeo anaunda gari! Tunakaa kusubiri kusukwa, tunasahau kusukwa. Kwa kweli limekupita wewe."

"Ni la majaribio tu," nikasema.

"Majaribio ya nani?" akasema, watu wakacheka.

Niliporudi Yustina alikuwa kisimani. Nikaingia saluni. Lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kwa leso. Nikaifunua.

Hakulinyoosha. Ule upande uliolala ameufuata: mbele ameshusha magurudumu zaidi, nyuma ameinua, na paa la mshazari amelikata likafuata mteremko, mpaka gari lote likawa kama chui aliyejibana kabla ya kuruka. Rangi ni zambarau iliyoiva. Na juu yake, tangu grili mpaka nyuma, mistari ya dhahabu inajisokota kama piko ya bibi harusi, majani ndani ya majani, bila hata mahali pamoja ambapo mkono ulisita.

Nikalifunika kama nilivyolikuta. Nilitoka nikakaa nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Nimejaribu kumchukia Damas na nimeshindwa. Kumbe Damas nilimkamata kwa kuwa mume kumwonea wivu mwanamume mwingine ni jambo linalosemeka, hata kwa padri. Ninayemwonea wivu ni Yustina, kwa brashi yake ya nywele tatu na mkono usiotetemeka. Hilo nitalisema wapi?

20 Februari

Mvua.

21 Februari

Mvua. Binti yetu Julieth amepiga simu kutoka shuleni. Ameuliza gari la mama limefika wapi.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua tulipokuwa kanisani, majivu yamechuruzika mpaka kwenye pua. Gari langu jeusi limekamilika. Ni zuri kwa mtu asiyeona la zambarau.

15 Machi

Nitaandika leo kama lilivyotokea, bila kulipaka rangi.

Wiki nzima haijakauka. Chumvi jikoni imekuwa maji, njiti za kiberiti haziwaki, mlango wa banda umevimba haufungi. Asubuhi hii haikuwa ikinyesha, lakini mawingu yalikuwa juu ya mabati na kuta zilikuwa zinatoa jasho. Fundi yeyote wa rangi anajua maana yake. Gari lililokwisha pakwa rangi linahitaji klia, ile rangi isiyo na rangi inayong'arisha na kulinda. Ukiipuliza kwenye hewa ya namna hii, unyevu unanasa ndani yake na inageuka nyeupe kama maji ya mchele. Hilo ni somo la wiki ya kwanza gereji.

Yustina alikuja na gari lake juu ya sinia. Alisimama kizingitini.

"Baba Julieth, naweza kupiga klia leo? Muda unakwisha."

Nilitazama mawingu. Nilichukua muda wa kutosha kuyatazama, kwa hiyo sitasema niliteleza.

"Piga."

"Mvua haitaleta shida?"

"Si upo chini ya paa? Mvua itakufikia wapi?"

Akacheka, akaingia. Tangu Januari hakuwa ameingia. Nilimwashia kompresa mwenyewe, ile niliyoiunda kwa mtambo wa friji bovu. Nilimpimia klia na tina. Nilimrekebishia upepo wa bunduki. Nikarudi nyuma nikafunga mikono.

Alipuliza vizuri, taratibu, kama nilivyokuwa nikipuliza zamani yeye akitazama. Zambarau ikalowa ikang'aa, dhahabu ikaamka, na kwa muda mfupi nilidhani Mungu amekataa kushirikiana nami. Kisha ukungu ukaanza kwenye ukingo wa paa. Ukashuka milangoni. Ukatambaa juu ya mistari mpaka majani yote yakazama, kama mtu aliyemwaga maziwa juu ya kitenge.

"Nini hii?" Akaweka bunduki chini. "Nimekosea wapi?"

Akakagua chupa. Akanusa kikombe. Akafungua bunduki, akaangalia tundu lake kwenye mwanga, akajifuta mikono, akaitazama mikono yake pande zote mbili. Alikuwa akilitafuta kosa kwenye mikono yake.

Nilikuwa nimeisubiri raha ile miezi minne. Haikuja.

"Ni unyevu," nikasema. "Siku kama ya leo klia haipigwi."

Akaacha kujifuta. "Umejua sasa hivi, au ulijua nilipokuuliza?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Nikashindwa kuutoa, nikiangalia ile mikono.

"Ulipouliza."

Kompresa ilikuwa bado inanguruma. Akainama akaizima.

"Na bodi?"

"Nalo nilijua limepinda."

"Hilo nililiona siku ileile," akasema. "Nilidhani hukuwa na bati jingine. Nikasema, amenipa alichonacho."

Yeye hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ungeniambia tu niache, Baba Julieth. Ungesema, mke wangu, hii ni yangu, niachie. Ningeumia, ila ningeacha. Wewe umenishika mkono ukanipeleka shimoni, na upepo ukanirekebishia."

Akachukua sinia lake akatoka. Mvua ilianza kunyesha baada ya hapo, na mlango wa banda haukufunga.

16 Machi

Jumapili. Tulikwenda kanisani njia mbili tofauti. Mvua.

17 Machi

Kwa hali ile dawa ipo: tina inayokauka polepole, inapulizwa kidogo sana juu ya klia iliyogeuka, unyevu unapata njia ya kutoka. Niliichukua chupa ya tina hiyo nikapiga hodi mlango wa saluni, nyumbani kwangu mwenyewe.

"Nimekuletea dawa ya gari."

"Festo ameshaniambia," akajibu bila kufungua. Festo ni mwenzangu wa gereji. Alikwenda kumuuliza Festo.

Nilipozunguka nje nikaona dirishani. Ile draya kubwa ya kofia, wanayokalia wanawake kukausha nywele, ameishusha mpaka juu ya kiti, na kwenye kiti, juu ya taulo, limekaa gari la zambarau, linaota joto. Hewa ya chumba kile ilikuwa kavu kama Agosti. Swaumu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, nywele zimelowa, anasubiri zamu yake baada ya gari. Yustina akainua kofia, akapuliza mvuke mwepesi wa tina, akaishusha tena. Majani ya dhahabu yakaanza kurudi, moja moja.

Miaka yote nasubiri jua la Mungu, na mke wangu alikuwa na la kwake kwenye waya. Nilisimama kwenye tope, na hata pale, hata baada ya yote niliyofanya, lililonijia kwanza lilikuwa: kwa nini si mimi niliyelifikiria?

25 Machi

Ameondoka na basi la alfajiri, gari kwenye boksi la keki mapajani. Atafikia kwa mdogo wake, Elieth. Nilimbebea begi mpaka stendi. Akasema, "Maharage yapo kwenye sufuria." Gari langu jeusi limebaki. Hakuna aliyenizuia kulipeleka.

29 Machi

Manyunyu. Ngassa, aliyepeleka mzigo Mwanza, ametuma picha. Yustina amesimama nyuma ya meza amevaa kile kitenge cha kijani, watu wamemzunguka, na amepata tuzo ya rangi. Nikaivuta picha niione kadi iliyo mbele ya gari. Imeandikwa: *Bodi: Wilbroad. Rangi: Yustina. Tabora.*

Ngassa akaandika chini: "Bodi linasifiwa kuliko rangi! Wanauliza ule mwinamo fundi aliupimaje."

Nilizima simu.

30 Machi

Damas amenipigia mimi. Ni mtu mchangamfu, sauti ya mzee kidogo.

"Bwana Wilbroad, hongera. Ule mwinamo ni wa hesabu gani? Vijana hapa wanabishana."

"Hauna hesabu. Bodi liliharibika nikampa mke wangu kwa kijicho. Yeye ndiye aliyelifanya liwe hivyo."

Akacheka sana. "Mafundi wa Tabora mna unyenyekevu!"

Nikarudia. Akacheka tena. Kuna ukweli usioaminika hata ukiusema kwa simu mchana kweupe.

2 Aprili

Amerudi. Ameleta samaki wakavu. Nilimwambia yale niliyomwambia Damas.

"Alinisimulia," akasema. "Yeye anaona ni mzaha. Mimi najua si mzaha." Kisha akasema, "Sijakusamehe yote. Nakwambia ili usije ukadhani samaki ni msamaha."

Tulikula samaki.

10 Aprili

Jua na mawingu. Watu watatu wameagiza magari kwake. Leo nimemwona akivuka barabara kuja gereji kumuuliza Festo kama kesho hewa itafaa kupuliza. Alinipita mimi mlangoni, niliye na miaka kumi zaidi ya Festo kwenye rangi. Sina haki ya kuumia. Nimeumia.

19 Aprili

Jumamosi Kuu. Alinipitia bandani, mara ya kwanza tangu siku ile, na bodi alilolikunja mwenyewe. Akaliweka mezani bila kuuliza kitu. Nikalipima. Mshono wa kushoto ulikuwa umeachia kidogo, pangepasuka rangi. Ningeweza kunyamaza. Nikamwonyesha.

Akapitisha ukucha kwenye mshono. "Kweli," akasema, akalichukua akaondoka. Nusu saa baadaye nikasikia nyundo yake. Anapiga vibaya, kwa mkono wa mbali mno kwenye mpini. Pasaka au si Pasaka, hilo lilinifurahisha.

30 Aprili

Siku nyingi sasa hazina mvua. Karanga mbichi zimeanza kuletwa mjini.

Leo baada ya kazi nilinawa, nikabadili shati, nikaingia saluni kwa mlango wa barabarani kama mteja. Walikuwepo wanawake watano. Wote wakanigeukia.

"Mama Julieth," nikasema, "nifundishe mstari."

Alikuwa anamfunga Swaumu taulo. Alinitazama muda mrefu, akipima, nadhani, kama ni mtego mwingine.

"Wivu umekwisha?"

"Haujaisha."

"Afadhali umesema." Akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa."

Kigoda kile ni kifupi, magoti yangu yakafika kidevuni, na mama mmoja aliyejaa vibana nywele kichwani akaangua kicheko. Yustina akanitia brashi vidoleni, akavilegeza kimoja kimoja. Viganja vyake vilinukia mafuta ya nywele. "Usiikabe. Shusha pumzi, halafu ndiyo uvute. Ukivuta kabla ya pumzi, mstari unaogopa."

Akatazama huku na huku atafute kitu cha kuchorea.

"Mpe kidole gumba changu," Swaumu akasema, akaunyoosha mkono kutoka chini ya taulo. "Rangi ya chini imeshakauka. Akiharibu tutafuta."

Nikakishika kidole cha Swaumu. Nikashusha pumzi. Nikavuta. Wanawake watano walikuwa wameinama juu yangu, na mke wangu alikuwa nyuma ya bega langu.

Swaumu akakigeuza kidole kwenye mwanga wa mlango, huku na huku.

"Umepinda," akasema. "Lakini usifute, Yustina. Nitakaa nao mpaka Jumapili."